Pua ya Shangazi

4 Februari

Kwako mwanangu, mtoto wa kaka yangu,

Salamu zangu zikufikie wewe, mkeo na mjukuu wangu. Mimi nipo. Mafua yale ya Desemba yalinilaza kama gogo, lakini niliamka na kazi inaendelea. Baba yako mgongo bado unamsumbua, ila mdomo haumsumbui hata kidogo. Jana alinifokea kwa sababu nilimpelekea viazi bila kumenya. Dada yako amehamia nyumba ya mbele, ile yenye bati jipya, sasa akisalimiwa anaitikia kwa kope. Paka amezaa ndani ya kapu la nguo zangu. Uchafu mtupu! Nguo nyingine nimezichoma moto.

Sasa nikae vizuri niseme lililonikaa moyoni. Barua yako niliisoma, nikaitupa, halafu nikaiokota. Eti zahanati wamekuambia presha imepanda, upunguze chumvi na mafuta, na wewe ukaamua kuacha mafuta kabisa, unakula mboga za kuchemsha. Mwanangu, hicho ni chakula? Nimeifikiria sahani yako, majani yamelala yameloa kama matambara ya kudekia, nikashikwa na kichefuchefu hapa hapa nilipokaa. Wamekuambia punguza, wewe ukaacha. Ndivyo ulivyo tangu mdogo: ukiambiwa usikimbie, unakaa chini.

Si mafuta yanayotia kinyaa, ni watu. Kuna mwanamke anakaanga maandazi pale stendi, mafuta yake meusi kama ya gari bovu. Kila asubuhi anaongeza mapya juu ya ya jana, na ya jana juu ya ya juzi. Juzi nimemwona kwa macho yangu: amemtoa nzi kwa kidole, kidole akafutia kwenye kanga, akaendelea kukanda unga. Na foleni ilikuwa ndefu! Hivyo ndivyo watu wanavyojimaliza, halafu wanasingizia mafuta ya mchikichi.

Nakutumia dumu la mawese mapya niliyokamua kwa mkono wa kondakta wa basi la asubuhi. Nimeyanusa mwenyewe kabla ya kufunga. Unajua sokoni hapa hakuna mchuuzi anayenunua dumu la jumla kabla hajasema, "Kamwite Pua." Pua ndilo jina langu na sina haya nalo. Kijiko kimoja tu katika sufuria, mwanangu. Utakula kama binadamu na presha itakaa mahali pake.

Shangazi yako

11 Machi

Shangazi, shikamoo.

Huku kwetu hatujambo. Mtoto ameota meno, anauma kila kitu, hata kiatu changu cha kazini, na ungejua kiatu hicho kinakanyaga nini ungelia. Mke wangu anakusalimu. Msalimie Baba, mwambie mkanda wa mgongo naendelea kuutafuta.

Samahani kwa kuchelewa kujibu. Kazi imetubana. Wiki iliyopita niliitwa kuzibua bomba la mkahawa mmoja maarufu. Maji yalikuwa yanarudi jikoni. Nikafungua mfuniko nyuma ya jengo, nikakuta bomba zima limejaa mafuta yaliyoganda, meupe, mazito, na ndani yake kuna nywele, mifupa ya kuku, vijiti vya kuchokolea meno, hata bandeji iliyotoka kwenye kidole cha mtu. Nilipolivuta lile donge lilitoka zima, likalala chini kama mnyama. Msaidizi wangu alitapika. Mimi nilimeza mate nikaendelea, maana mwenye mkahawa alikuwa amesimama pale akitafuna paja. Harufu ilinifuata mpaka nyumbani, mtoto akakataa kubebwa.

Kwa hiyo, Shangazi, si zahanati peke yao. Nikiona kitu kinachong'aa kwenye sahani, naliona lile donge. Ndiyo maana nilikimbilia mboga za maji.

Mafuta yamefika salama, dumu halikuvuja njiani. Asante sana. Tunayatumia taratibu. Naomba kuuliza tu: safari hii matunda ya mchikichi yalikaa muda mrefu kabla ya kuchemshwa? Nauliza tu.

Mwanao, fundi bomba

25 Machi

Mwanangu,

Salamu kwa wote. Baba yako amepona mgongo siku moja, akacheza bao kutwa nzima, ukarudi. Sikumwonea huruma.

Kwanza, barua za namna ile usiniandikie wakati wa chakula. Nilikuwa na sahani mapajani. Bandeji!

Pili, "nauliza tu" mara mbili katika mstari mmoja? Matunda yalifika, yakapukuchuliwa, kesho yake yakawa jikoni. Nilisimama mwenyewe mpaka mafuta yalipoacha kulia kwenye sufuria, ndipo nikajua maji yameisha. Hakuna asiyejua kazi yangu. Mkeo amesema nini? Maana wewe hukuwahi kuuliza maswali ya matunda tangu uzaliwe.

Huku mambo ni yale yale ya kutia kinyaa. Jirani yangu, yule tunayemwita Mzee Moshi, anachoma mawese mpaka yawe meupe, eti wateja wake hawapendi rangi. Moshi unaingia kwangu, unakaa kwenye mapazia, kwenye mito, mpaka kwenye chai. Mafuta mekundu, mazuri, yenye ladha, anayaunguza mpaka yafe, halafu anayaita safi. Nikipita mlangoni pake natema mate.

Wewe fanya hivi. Chemsha maharage yaive vizuri. Katakata kitunguu na nyanya nyingi, viive na maji kidogo kwanza, ndipo uweke mawese kijiko kimoja. Moto mdogo. Ukiona moshi umeshaharibu, mwaga uanze upya. Mimina maharage, mwisho kabisa tia majani, funika, epua. Yabaki ya kijani, yasiwe matambara. Chumvi kidogo tu, kamulia ndimu badala yake. Na mafuta yaliyobaki kwenye kikaango yasirudi tena kwenye chakula. Ukila hivyo ukasema ni chakula cha mgonjwa, basi hamia huko kwenye mabomba.

Dumu la pili nimelitoa, litakuja na lori la mbao. Hili la kwanza andika lilikuwaje.

Shangazi yako

9 Mei

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe, nimechelewa tena kujibu. Mtoto alikuwa na homa, akapona, akamwambukiza mama yake. Mimi nilienda zahanati tena. Presha imeshuka kidogo, mhudumu amefurahi. Kasema si lazima kuacha mafuta, ni kupima kwa kijiko badala ya kumimina, na kuachana na vya kukaanga kila siku. Maneno kama yako tu.

Maharage tulipika ulivyoelekeza. Yalikuwa matamu, wote tukashiba.

Nilipiga simu kwenye duka la jirani yako, wakatuma mtu kukuita, akarudi akasema umekataa kuja. Mara mbili. Ulikuwa unaumwa? Na yale mafua ya Desemba yaliisha kabisa? Mke wangu naye anauliza.

Dumu la pili bado halijafika.

Mwanao

20 Mei

Mwanangu,

Sikuja kwenye simu kwa sababu siwezi kusema mambo ya nyumbani huku muuza duka amenitolea sikio kama sahani.

Mafua yangu yamewahusu nini?

"Matamu, wote tukashiba." Wewe! Wewe uliyekuwa ukipata punje moja ya mchanga kwenye wali unaitangaza mpaka nyumba ya tatu! Mabomba ya watu umeniandikia ukurasa mzima, mafuta yangu mstari mmoja. Nakujua. Ulipokuwa mdogo ukidanganya ulikuwa unasifia.

Yalinukaje? Andika.

Shangazi yako

2 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua hii nimempa dereva wa lori la mbao akukabidhi mkononi, kwa hiyo nisamehe, salamu za wengine zitafuata.

Dumu la pili limefika. Mke wangu alilifungua jikoni, akalifunga, akanivuta nje pamoja nalo. Nilipofungua mwenyewe sikuhitaji hata kuinama. Mafuta ya taa, Shangazi. Umetia mawese kwenye dumu lililokuwa na mafuta ya taa. Harufu ilipanda mpaka machoni. Jiko lilikuwa linawaka ndani, ndiyo maana alinikimbiza nje.

Na la kwanza nalo nitasema, maana umeuliza. Lilikuwa limeoza. Harufu ya kitambaa kilicholoa kikasahauliwa kwenye ndoo, na chini yake kitu kama samaki. Niliposoma barua yako "nimeyanusa mwenyewe" nikadhani pua yangu ndiyo mbovu, kwa kazi hii yangu. Nikaweka kijiko kimoja kwenye maharage ulivyoagiza. Mke wangu alikula tonge moja, akaenda kutapika. Mimi nilikula sahani nzima kwa sababu yako, nikaharisha siku mbili. Yaliyobaki sikuyamwaga kwenye bomba, unajua kazi yangu, nilichimba shimo nyuma ya nyumba, na mbwa wa mtaa mzima wakaja kulifukua. Tunanuka mpaka leo. Nilikuandikia kuwa yalikuwa matamu. Sikujua niseme nini kwa mtu anayeitwa Pua.

Sasa siogopi tena kukuudhi, naogopa kitu kingine. Madumu hayo uliyapata wapi, na yako mangapi? Nani mwingine ameuziwa? Tafadhali usiuze hata tone mpaka mtu mwingine ayanuse. Nilitaka kuja mwenyewe, msimamizi amenikatalia ruhusa mpaka Agosti.

Shangazi, nakuuliza kwa heshima zote: unasikia harufu?

Mwanao

8 Juni

Kwako,

Nimepokea.

Dumu nililiosha kwa majivu na maji ya moto, nikalianika juani. Mkeo anatafuta sababu. Amezoea mafuta ya chupa za dukani yasiyo na rangi wala baba, ndiyo maana mawese yangu yanamtapisha. Mwanamke anayeona kinyaa na mikono ya shangazi wa mumewe aseme wazi, asisingizie mafuta ya taa.

Na wewe umekua mkubwa, siku hizi unanihoji kama polisi. Nasikia harufu zote. Nasikia hata harufu ya barua yako, inanuka mtaro.

Usiniandikie.

Shangazi yako bado

30 Juni

Mwanangu,

Hujaniandikia, umefanya nilivyosema. Sasa naandika mimi.

Baba yako mzima. Dada yako mzima. Paka amezaa tena, safari hii chini ya kitanda changu, na wiki nzima nimelala juu ya kitoto kimoja kilichokufa. Sikujua. Dada yako ndiye aliyeingia chumbani akashika pua, akatoka mbio, akaanza kupiga kelele uani. Nilimwambia ni panya wa jirani. Akainama, akakitoa kwa fagio. Aliniangalia, mwanangu, namna ambayo hajawahi kuniangalia.

Lakini hilo lingepita. Lililonileta kwenye karatasi ni jingine.

Siku ya soko wachuuzi walikuja na lori. Kulikuwa na dumu langu na dumu la Mama Pacha, yule anayekamua mafuta peke yake kule karibu na kisima, mume hayupo, watoto wawili mgongoni na kifuani. Wakasema kama kawaida, "Kamwite Pua." Nikaenda. Nikafungua dumu lake, nikainamisha uso, nikavuta pumzi. Hakuna kitu. Nikavuta tena. Ni kama kunusa ukuta. Na watu wote wananitazama, wanasubiri. Nikajua nikisema sijui nimekwisha. Nikafanya ninavyofanya siku zote: nikakunja uso, nikatema mate pembeni, nikasema, "Haya ni ya kusafishia viatu."

Wakacheka. Wakaliacha dumu lake wakachukua langu.

Mama Pacha hakubishana. Nani abishane na Pua? Alichovya kidole, akalamba, akanitazama, akachovya tena akalamba. Akajitwika dumu akarudi nalo. Baadaye nikamtuma dada yako akaombe kidogo kwa siri. Amesema ni mazuri kuliko yangu yoyote ya mwaka huu.

Tangu mafua ya Desemba, mwanangu. Nilidhani pua itarudi. Niliamka asubuhi moja nikatia kahawa mdomoni, ikawa maji ya moto tu. Tangu siku hiyo kila ninachokula ni karatasi iliyoloa. Wewe nakukataza chumvi, mimi naitia kwa kiganja ili ulimi ushtuke kidogo, na pilipili juu yake mpaka midomo inavimba. Miguu nayo inavimba. Nimekuandikia yale maharage kwa kukumbuka, sikuyaonja. Na moshi wa Mzee Moshi nilikuandikia kwa sababu nauona, siusikii. Nzi wa maandazi nilimwona. Kinyaa chote hicho nilichokuandikia ni cha macho na cha mazoea.

Unajua ninachokitamani? Si mchuzi. Natamani kitu kinuke nikimbie. Mtu asiyeona kinyaa anakula chochote, analala na chochote, anauzia watu chochote. Najichukia. Kweli, nikijitazama kwenye kioo natamani nijitemee mate.

Madumu yaliyowahi kuwekwa mafuta ya taa yalikuwa mengine pia. Nimeyaficha bandani. Hayajauzwa, nadhani.

Niambie nifanye nini, lakini usiniambie niseme sokoni. Hilo siliwezi. Sina kazi nyingine, sina jina lingine.

Shangazi yako

14 Julai

Shangazi, shikamoo.

Nimesoma barua yako nikiwa kazini, nimekaa juu ya mfuniko wa shimo la maji machafu, nikalia pale pale. Wapita njia walidhani ni kwa sababu ya shimo.

Huku wazima. Mke wangu nimemsomea barua, nisamehe. Alikuwa na hasira ya yale maneno yako ya mikono, ikaisha alipofika kwa kitoto cha paka. Kasema nikwambie hana kinyaa na mikono yako.

Nenda zahanati kesho, usingoje keshokutwa. Waambie pua na waambie miguu. Chumvi acha leo. Tia ndimu, tia tangawizi, tafuna karoti mbichi na karanga ili mdomo upate la kufanya, maana wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kuwa chakula ni pamoja na kukitafuna. Jikoni usiwashe jiko la mafuta ya taa ukiwa peke yako. Mabaki ya jana usile mpaka dada yangu ayanuse kwanza.

Sasa umenikataza kusema jambo moja, nami nalisema. Mama Pacha amerudi na dumu lake nyumbani na watu watamwita muuza dawa ya viatu. Watoto wake watakula nini? Mimi nashika uchafu wa watu kutwa, Shangazi, na nakuambia sijawahi kushika kitu kilichonitia kinyaa kama ile sehemu uliyoandika wakacheka. Siku zote nimekuwa naogopa kukwambia neno. Nimelisema. Yale madumu ya bandani yamwage ardhini, mbali na kisima, mbele ya watu, na useme ni kwa nini.

Kama utanichukia, nichukie.

Mwanao

12 Agosti

Mwanangu,

Sikukuchukia. Nilikutukana sana lakini sikukuchukia.

Zahanati wamesema pua huenda ikarudi na huenda isirudi, na presha yangu ni kubwa kuliko yako. Mhudumu ni msichana mdogo, alinikemea habari ya chumvi nikainama kama mtoto wa shule. Baba yako sasa ndiye anayeonja chakula changu, na anakula nusu kwa kisingizio cha kuonja.

Siku ya soko nilisubiri lori lifike. Wakasema, "Kamwite Pua." Nikasimama katikati nikasema pua yangu imekufa tangu Desemba, na mafuta ya Mama Pacha niliyakataa bila kusikia chochote. Nilitaka kusema kwa sauti, ikatoka ndogo, wakaniambia rudia. Kwa hiyo nililisema mara mbili. Kuna waliocheka, kuna waliokumbuka madumu waliyonunua kwangu wakaanza kuguna, mmoja akaniita muuaji. Mwanamke wa maandazi alinionea huruma. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kuonewa huruma na yule.

Mama Pacha hakunisamehe, na sikumwomba pale mbele za watu, ningekuwa namlazimisha. Kesho yake alikuja kwangu bila kubisha hodi, akaenda moja kwa moja bandani, akafungua dumu moja moja. Kila anapofungua anageuza uso. "Mwaga. Mwaga. Hili mwaga. Mama, hili nalo ulikuwa unalala karibu nalo?" Tulimwaga karibu yote, mbali na kisima kama ulivyosema. Alipomaliza alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, mbele yangu, kwa sabuni yake aliyokuja nayo. Nilistahili.

Sasa wachuuzi wanamwita yeye. Jina la Pua bado linanifuata mimi, kwa kejeli. Wiki iliyopita nimekamua upya, matunda ya siku hiyo hiyo, madumu mapya, nikampelekea anuse mbele ya watu wote kama mtu mwingine yeyote. Aliinama, akakaa muda mrefu, akasema, "Yanalika." Nimelala nikiliwaza neno hilo. Sijui amesema kweli, amenionea huruma, au ananilipizia. Sina njia ya kujua. Siku zote mimi ndiye niliyekuwa najua, watu wanasubiri mdomo wangu.

Nakutumia dumu moja la mafuta hayo hayo. Usinisifie. Ukinisifia sitakuandikia tena maisha yangu yote.

Shangazi yako

26 Agosti

Shangazi, shikamoo.

Ruhusa nimepata, nitafika mwisho wa mwezi na mkanda wa Baba.

Dumu limefika. Nimelinusa mimi, amelinusa mke wangu, tumemwita na jirani ambaye hakujui. Mawese yako yana moshi, Shangazi. Umeyaacha motoni yakapitiliza, na nyuma ya koo yanabakiza uchungu. Mke wangu amekunja uso. Jirani naye amekunja uso.

Tumetia kijiko kimoja kwenye maharage, tukala mpaka sufuria ikabaki tupu. Lakini yana moshi. Ukipika tena punguza kuni, na mwite Mama Pacha asimame karibu nawe kabla hujaepua.

Mwanao